MJADALA: Chuo kidai picha ya kitambulisho kwenye grupu la WhatsApp, ni haki?

Mwana wa Micheweni
Assalaam alaykum. Chuo kimoja cha amali hapa Pemba kimeamuru kila mwanafunzi mpya aingie grupu la WhatsApp la darasa lake, kisha atume humo picha ya kitambulisho cha Mzanzibari, mbele na nyuma, pamoja na namba ya simu atakayolipia ada. Matokeo ya mitihani nayo yatatolewa humo humo. Asiyeingia hasajiliwi. Dada yangu kachaguliwa huko, na mwisho ni Ijumaa. Ndani ya grupu bado wamo waliokwisha maliza masomo, hakuna aliyewatoa. Nauliza, ni haki hii? Na kama si haki, afisi ifanyeje? Maana mtoto wa Makangale kwenda Chake kupeleka fotokopi moja ni nauli na siku nzima.

Fundi wa Darajani
Waalaykum salaam. Mimi kosa silioni. WhatsApp tangu 2016 ujumbe unafungwa kutoka simu hadi simu, hata kampuni yenyewe haiusomi. Na laini si tulizisajili upya kwa alama za vidole, tukapangishwa foleni mpaka Januari 2020? Sasa mwizi picha ya kitambulisho ataifanyia nini? Tatizo nyinyi wa Pemba bado mmeng'ang'ania vitochi, kila jambo la simu mnaliogopa.

Bi Mkubwa wa Wete
Fundi, shika adabu yako. Vitochi tunavyo kwa sababu chaji inakaa na bei tunaimudu. Nyumbani kwangu simu kubwa ni moja, ya baba yao. Anaitumia yeye, naitumia mimi, watoto wanasomea, mdogo anachezea gemu. Binti yangu matokeo yake yaliletwa kwenye grupu namna hiyo hiyo. Kafeli somo moja, na kabla hajafika nyumbani jirani keshanipa pole. Mtoto alikaa ndani wiki nzima, hataki kuonana na mtu. Wewe hilo huliongelei, umerukia vitochi!

Fundi wa Darajani
Shikamoo Bi Mkubwa, heshima yako iko palepale. Lakini ukweli usemwe. Mimi natengeneza simu, na zinazoletwa kwa boti kutoka Pemba ndizo zenye namba ya siri imebandikwa nyuma ya kava. Mtu wa Mjini hafanyi hivyo.

Kijana wa Konde
Yakhe, namba ya siri si mnaitaka nyinyi mafundi, eti mjaribu kioo kipya kama kinagusa? Nenda hapo hapo Darajani ukaangalie simu zilizofungwa karatasi kwa mpira, jina la mtu na paswedi yake juu, zimekaa mezani kila mpita njia anaziona. Wenyewe wote hao wametoka Pemba? Na hayo maduka ya simu, Darajani mpaka Kariakoo, nani wanayafungua asubuhi? Wapemba. Usitufundishe simu.

Mjukuu wa Ng'ambo
Wapemba mkiguswa kidogo tu mnaleta maduka. Mtu kaulizwa kitambulisho.

Kijana wa Konde
Aliyeleta Upemba humu ni Fundi, si mimi. Soma kutoka juu.

Mwalimu wa Kompyuta
Nafundisha chuo kingine, si hicho. Huko kufungwa anakokusema Fundi ni kweli, lakini ni kwa njiani tu. Picha ikishafika, inajihifadhi kwenye simu za wanagrupu, na mwenye kuweka nakala Google inapanda huko pia. Simu moja ikiibwa bandarini, vitambulisho vya darasa zima vimekwenda nayo.

Mmeuliza mwizi atafanya nini. Atampigia mtoto, atamtajia majina yake matatu, tarehe aliyozaliwa na chuo anachosoma, kisha amwambie ada yake imekwama, amsomee zile namba za kuthibitishia akaunti zilizoingia sasa hivi kwenye meseji. Mtoto atasoma, kwa sababu anayejua yote hayo lazima awe mtu wa chuo. Alama za vidole hapo zinazuia nini? Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" hurushwa kwa yeyote. Hii inakuja kwa jina lako. Matapeli wa meseji namba zao zipelekeni 15040, na kila mtu apige *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake, maana wako waliowekeshwa kidole mara mbili na wakala.

Na hizo paswedi za nyuma ya kava, nyingine ni za mifumo ya vyuo vinavyolazimisha watu kuzibadilisha kila mwezi. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, tangu 2017 imesema ziachwe mpaka kuwe na dalili kwamba zimevuja. Ndefu moja inayokumbukika inatosha.

Karani Mstaafu
Mwalimu, ya Marekani tuwaachie Wamarekani. Mimi nimefanya kazi na majalada, kabati la chuma, ufunguo mfukoni mwangu. Umeme ulipopotea Unguja mwisho wa 2009, ikawa miezi mitatu kiza, majalada yalisomeka. Nyinyi bando likimalizika tu chuo kimefungwa.

Mwalimu wa Kompyuta
Mzee wangu, sikusema tutupe kabati. Nimesema kitambulisho kisitupwe kwenye grupu.

Karani Mstaafu
Umetaja Marekani.

Msoma Sheria
Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ikaanza kazi Mei 2023. Anayekusanya taarifa zako akwambie anazitakia nini, na achukue zinazohitajika tu. Mwanafunzi mwenzangu anakihitajia nini kitambulisho changu?

Mjukuu wa Ng'ambo
Hiyo imetungwa Dodoma. Yasiyo ya Muungano huku haiyagusi, imesema yenyewe mwanzoni.

Msoma Sheria
Posta na simu ni jambo la Muungano, ndugu yangu.

Mjukuu wa Ng'ambo
Na chuo cha amali? Kwenye orodha ya mambo ya Muungano imo elimu ya juu, amali haimo. Hayo ni yetu wenyewe. Kila siku nyinyi ni kuongeza, kuongeza, mpaka madarasa yetu yasimamiwe kutoka Dodoma!

Kijana wa Konde
Kwa hiyo chuo ni chetu, simu ni ya Muungano. Picha ikishavuja akashitaki wapi?

Msoma Sheria
Haya, iweke pembeni hiyo. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Hiyo nayo ya Dodoma?

Mjukuu wa Ng'ambo
Hiyo sina neno nayo. Lakini orodha ya Muungano hukunijibu.

Bi Mkubwa wa Wete
Mnajua kubishana. Mwana wa Micheweni, mchukue dada yako na fotokopi mpaka afisini, karani asaini kwamba ameipokea, na karatasi mwondoke nayo. Grupu aingie kwa ajili ya matangazo tu. Na matokeo wayabandike kwa namba ya mtihani, bila jina, kama zamani. Hilo halitaki bando wala Dodoma. Na Fundi bado namngoja kwa neno lake la vitochi.

Fundi wa Darajani
Bi Mkubwa, nimesema nilichokiona kazini kwangu.

Bi Mkubwa wa Wete
Basi na mimi nimesema nilichokiona nyumbani kwangu.

Mwana wa Micheweni
Ahsante sana Bi Mkubwa. Ya Muungano jamani kafungueni mada yenu. Kuna anayejua kama Ijumaa afisi zinafunguliwa tena baada ya sala?

Karani Mstaafu
Fika kabla ya saa tano. Ukishapita hapo, wa kukusainia hutompata.