Saa 14 ziliishia mlangoni mwa ghala, faini imekuja kwangu

Dereva wa Des Moines anauliza:

Habari zenu ndugu madereva. Ninaishi Des Moines, Iowa, ninaendesha trela la futi 53 kwa kampuni ndogo ya hapa, na huu ni mwaka wangu wa tatu barabarani. Tangu nianze sikuwahi kuandikiwa kosa hata moja, lakini wiki iliyopita niliandikiwa matatu kwa mpigo, nikasimamishwa mizani kwa saa 10, na nikapewa tiketi ya zaidi ya dola 300 ambayo kampuni imesema ni juu yangu mwenyewe. Naomba mnieleweshe nilikokosea, kwa sababu hadi sasa naona nimeadhibiwa kwa uzembe wa watu wa ghala.

Siku ile niliingia kazini saa 12 asubuhi, nikakagua gari, nikaendesha saa 4 na nusu hivi, nikafika ghalani karibu na saa 5 kwa miadi ya saa 6 mchana. Mlango nilipewa saa 7. Nilirudi nyuma, nikafunga breki, taa nyekundu ya mlango ikawaka, na haikugeuka kijani hadi saa 1:20 usiku. Kwa saa 6 na dakika 20 hakuna aliyeniita wala kuniambia lolote, nami nilijilaza kitandani nyuma ya kiti, huku kwenye ELD, yaani kifaa cha gari kinachorekodi saa za dereva, nikiwa nimejiandika kuwa niko kazini bila kuendesha, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa na dispacha wangu wa kwanza, yaani mpangaji wa safari za kampuni, kwamba mlangoni mwa ghala ni kazini.

Nilipomaliza kupakiwa nilikuwa nimebakiwa na dakika 40 tu kabla ya kuisha kwa saa 14 za siku ya kazi, ambazo zikipita dereva haruhusiwi kuendesha. Niliomba kulala pale pale, lakini mlinzi wa geti alikataa, akasema hakuna gari linaloruhusiwa kulala ndani ya uzio. Kituo cha kwanza cha malori kilikuwa kimejaa mpaka magari yameegeshwa ukingoni mwa njia ya kutokea. Kituo cha pili nilikifikia saa 2 kamili usiku, nacho kilikuwa hivyo hivyo, na ELD ikaanza kulia. Nilimwandikia dispacha, akanijibu, "Weka PC, jitahidi ufike mbele." Nikaweka PC, yaani matumizi binafsi ya gari yasiyohesabiwa kuwa kazi, nikaenda maili 31 hadi eneo la mapumziko la barabara kuu, nikapata nafasi saa 2:45 nikalala. Asubuhi kifaa kilinionyesha kuwa saa 10 za mapumziko zimetimia, nikaondoka saa 12:05.

Saa 2:30 asubuhi niliitwa mizani. Ofisa aliomba nimtumie kumbukumbu za saa, akazisoma kwenye kompyuta yake, kisha akanigeuzia kioo na kuweka kidole juu ya mstari wa kuanzia saa 2 hadi saa 2:45 usiku. Akasema safari ile haikuwa ya binafsi kwa sababu nilikuwa na mzigo na nilikuwa naelekea kwa mteja. Akaandika kumbukumbu za uongo, kuendesha baada ya saa 14, na kutokuwa na karatasi tupu za kuandikia saa. Je, hii ni haki? Nilipe tu yaishe, au kuna njia?

Mzee wa I-80 anajibu:

Pole sana kijana wangu. Nimeendesha katika nchi hii tangu mwaka 2001, na kabla ya hapo nilikuwa njia ya Mombasa hadi Kampala, kwa hiyo jambo la kukosa usingizi kwa sababu ya mtu mwingine ninalijua kutoka pande zote mbili.

Kwanza uelewe hesabu ya ofisa, kwa sababu watu wengi hudhani walisimamishwa kwa sababu ya dakika 45 zile peke yake. Ulihesabu mapumziko kuanzia saa 2 usiku. Yeye alipozigeuza dakika 45 kuwa kuendesha, mapumziko yako yalianza saa 2:45, na hadi saa 12:05 asubuhi ni saa 9 na dakika 20. Sheria inataka saa 10 mfululizo. Kwa hesabu hiyo siku yako ya jana haikuwahi kufungwa, saa 14 zako zilikuwa zimekwisha tangu jioni, na kila maili uliyoendesha asubuhi ilikuwa nje ya sheria. Ndiyo maana ulilazwa pale mizani. Ungelala dakika 40 zaidi, angeweza kuandika kosa la jana, lakini asingekuwa na sababu hiyo ya kukusimamisha.

Kuhusu PC, mwongozo uliotolewa mwaka 2018 na FMCSA, yaani wakala wa shirikisho unaosimamia usalama wa magari ya biashara, unasema kuwa kubeba mzigo peke yake hakukunyimi haki hiyo. Unasema pia kwamba dereva aliyeishiwa saa kwa mteja anaweza kuitumia kwenda mahali pa karibu panapofaa na salama pa kupumzikia. Hautaji idadi ya maili. (Anayevuka kwenda Canada aangalie, huko kikomo ni kilomita 75 kwa siku na gari lazima liwe tupu.) Kwa hiyo sababu ya kwanza ya ofisa, ya mzigo, ni dhaifu. Sababu ya pili ndiyo nzito: mwongozo huo huo unakataza kutumia PC kujisogeza mbele kuelekea kazi inayofuata. Wewe ulielekea upande wa mteja, ukaenda maili 31, na hukuandika hata mstari mmoja kwamba vituo viwili ulivyopita vilikuwa vimejaa. Anayesoma kumbukumbu asubuhi ya pili hawezi kuona giza ulilokuwa nalo usiku. Anaona mshale umeenda mbele na sehemu ya maelezo haina kitu.

Niseme na lingine, kwa sababu linaniuma. Kabla ya mwaka 2004 tulikuwa na saa 15 za kazi, na muda uliopumzika ulikuwa hauhesabiwi. Ghala likikuweka nusu siku, ukalala, saa zako zilisimama. Sheria mpya ikaleta saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 zisizosimama, na tangu siku hiyo muda wa ghala ukawa unatoka mfukoni mwa dereva. Hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwenye ghala akupakie ndani ya muda fulani, ila mkataba tu, na mikataba mingi huanza kulipia ucheleweshaji baada ya saa 2, tena pesa hizo mara nyingi haziteremki hadi kwa dereva. Huu ndio uonevu hasa. Ofisa wa mizani ni mtu wa mwisho tu kwenye mstari mrefu.

Dada wa ofisi ya usalama anajibu:

Ninafanya kazi katika ofisi ya usalama ya kampuni ya malori, na kazi yangu ya kila siku ni kusoma ripoti kama hiyo yako. Ninakubaliana na mzee kwa mengi, lakini kuna jambo kubwa limepita bila kuguswa, nalo ni zile saa 6 na dakika 20 ulizokuwa umelala mlangoni.

Kaka, saa zile zingeweza kukuokoa. Tangu tarehe 29 Septemba 2020 dereva anaruhusiwa kugawa saa 10 za mapumziko katika sehemu mbili: moja isiyopungua saa 7 mfululizo kitandani, na nyingine isiyopungua saa 2, iwe kitandani au nje ya kazi, mradi jumla yake ifike saa 10. Sehemu hizo zikikamilika zote mbili, hakuna hata moja inayohesabiwa ndani ya saa 14. Ulikuwa umelala kitandani kweli, hakuna aliyekuhitaji, gari limeegeshwa. Ungejiandika kitandani, siku yako ingekuwa imetumia saa 7 tu, kutoka saa 12 asubuhi hadi saa 7 mchana, na ulipotoka getini ungekuwa na saa 7 nyingine za dirisha lako la saa 14, pamoja na saa 6 na nusu hivi za kuendesha. Maili zile 31 zingeandikwa kuwa kuendesha kwa kawaida, bila PC yoyote, na usingizi wako wa saa 9 na dakika 20 ungefunga hesabu kwa sababu unapita saa 7. Tahadhari ni kwamba hesabu hii hukamilika pale unapomaliza sehemu ya pili, na hapo katikati vifaa vingine huonyesha kosa. Ujue kuieleza hesabu yako kabla hujaitegemea.

Yule dispacha aliyekufundisha kwamba mlangoni ni kazini siku zote alikufundisha vibaya. Ni kazini kama unasubiri tayari kuitwa, unahesabu mzigo, au unasaidia kupakia. Muda wa kulala kitandani si kazini. Hata hivyo usiende sasa kuibadilisha kumbukumbu ya siku ile. Imeshakaguliwa, na mabadiliko ya baada ya ukaguzi yataonekana kama unafuta nyayo.

Sasa tenganisha tiketi na ripoti, kwa maana watu huzichanganya na kuumia mara mbili. Tiketi ni ya mahakama ya jimbo. Ripoti ya ukaguzi ni ya mfumo wa shirikisho: makosa yake huhesabiwa dhidi ya kampuni kwa miezi 24, na kampuni utakayoomba kazi kesho inaweza kuyaona kwa miaka 3 kwenye rekodi yako ya PSP, yaani historia ya dereva ambayo waajiri huiangalia. Ukilipa tiketi umekiri, na ripoti inabaki kama ilivyo. Ukienda mahakamani na tiketi ikafutwa bila faini wala gharama, unaweza kupeleka hukumu hiyo kwenye DataQs, yaani mfumo wa FMCSA wa kuomba rekodi zisahihishwe, na kuomba kosa linalolingana nayo liondolewe. Hata bila mahakama unaweza kupinga kosa la PC kupitia DataQs, ila lete vielelezo: karatasi ya getini yenye saa za kuingia na kutoka, ujumbe wa dispacha, na picha ya vituo vilivyojaa kama ulipiga. Hilo la karatasi tupu usilipinge. Sheria inataka uwe nazo za kutosha siku 8, pamoja na maelekezo ya kutumia ELD na ya kufanya iwapo imeharibika. Halina mjadala.

Dereva wa Louisville anajibu:

Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, niko Kentucky. Naomba niseme kwa heshima kwamba sikubaliani na lawama zote zinazotupwa kwa sheria ya saa. Mwaka 2016, kabla vifaa havijawa lazima, niliendeshea kampuni ambayo ilitutaka tuwe na vitabu viwili vya saa, kimoja cha kumwonyesha ofisa na kimoja cha mshahara. Alfajiri moja kwenye barabara kuu ya I-65 niliamshwa na mtikisiko wa magurudumu juu ya mikwaruzo ya ukingo wa barabara. Nilikuwa nimelala macho wazi, sikumbuki maili ngapi. Niliegesha, nikashuka, miguu ikakataa kusimama. ELD ilipolazimishwa Desemba 2017, wenzangu walinung'unika, mimi nilishukuru, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliweza kumwambia dispacha "sina saa" na akakosa la kujibu.

Ninachokubali ni kwamba adhabu inamwangukia asiye na nguvu. Kwa hiyo tujilinde. Mimi nina bahasha ya njano nyuma ya kiti cha abiria: karatasi tupu, maelekezo ya ELD, kadi ya afya na nakala ya ripoti zangu za ukaguzi. Ofisa akiuliza, ninaifungua mbele yake. Pia tujizoeze kueleza kwa Kiingereza maneno ya kazi yetu, yaani kuchelewa ghalani, kituo kujaa, mapumziko yaliyogawanywa, kwa kuwa tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva asiyeweza kuzungumza na ofisa kwa Kiingereza anaweza kusimamishwa kwa sababu hiyo peke yake. Nimeona watu wenye hesabu safi wakishindwa kuitetea.

Dereva wa Des Moines anajibu:

Shikamoo mzee, na asanteni sana nyote. Nimesoma maelezo ya dada mara tatu huku nikichora mistari ile kwenye karatasi, na kweli inakubali. Imeniuma kuliko faini, kwamba nilikuwa na saa 7 za halali mkononi na sikuzijua.

Nimeamua kutolipa, nimepiga simu mahakamani na kupangiwa tarehe. Karatasi ya getini nimeipata kwenye mfuko wa mlango wa gari, ina mhuri wa kuingia na wa kutoka. Picha za vituo sina. Swali langu moja limebaki: ujumbe wa dispacha wa "jitahidi ufike mbele" una uzito wowote, au nitaharibu kazi yangu bure?

Dada wa ofisi ya usalama anajibu:

Una uzito. Kampuni hairuhusiwi kumlazimisha dereva avunje sheria za saa kwa kumtishia kazi au mizigo, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa FMCSA ndani ya siku 90 tangu tukio. Ila soma ujumbe wako kwa makini: kama ulimwambia wazi kwamba saa zimeisha, na yeye akakutishia, hapo una kesi. Kama alikuambia tu uweke PC nawe ukaweka, utakusaidia kueleza kwa nini uliendelea, lakini haufiki kwenye kulazimishwa. Upige picha leo, pamoja na saa na tarehe zake, kabla programu ya kampuni haijaufuta. Ripoti ya ukaguzi pia waulize kampuni yako kama wameitia sahihi na kuirudisha, kwa sababu wana siku 15 tu.

Mzee wa I-80 anajibu:

Marahaba. Siku ya mahakama uende na hati ya mzigo pia, ile yenye saa ya miadi. Hakimu akiona miadi ya saa 6 mchana na mhuri wa kutoka saa 1:20 usiku, ataelewa siku yako ilivyokwenda hata kabla hujafungua mdomo.