Kengele ya moto kwa hosteli ya ghorofa 4: ya zoni au ya anwani?

Msimamizi_Moro: Wakuu, salaam. Hosteli ya wanafunzi Morogoro, ghorofa 4, kila moja vyumba 12, jiko liko chini. Fundi mmoja kaleta bei ya mfumo wa zoni, mwingine wa anwani, na huu wa pili ni ghali zaidi. Upi unafaa?

FundiWaya: Mkuu, kwenye mfumo wa zoni, kila ghorofa ina pea yake ya waya hadi kwenye paneli (kisanduku kinachoongoza mfumo). Moshi ukitokea ghorofa ya 3, paneli inawasha taa ya ghorofa hiyo, basi. Chumba gani, mlinzi apande akatafute kwenye milango 12 iliyofungwa usiku. Ukichagua huo, dai taa ndogo nyekundu juu ya kila mlango, iunganishwe na ditekta (kifaa kinachonusa moshi) ya ndani.

Wa anwani, kebo moja inazunguka jengo na kurudi kwenye paneli. Kila ditekta ina namba yake, skrini inaandika "chumba 307". Kebo ikikatika sehemu moja, paneli inaendelea kusoma vifaa kutoka pande zote mbili. Shoti ndiyo hatari: bila aizoleta (kifaa kinachotenga kipande chenye shoti), shoti moja inazima mzunguko mzima. Bei isiyo na aizoleta walau moja kila ghorofa, irudishe.

Kwa watu wanaolala, mimi nasema anwani. Fedha ikigoma, chukua paneli ya zoni 8: ghorofa 4, ngazi, jiko, mbili za akiba.

Saketi_Dom: Naongezea kuhusu zoni. Mwisho wa waya wa kila zoni kuna risista, ambayo paneli huitumia kujua kama waya ni mzima; mara nyingi ni kilo-omu 4.7 au 6.8, fuata kitabu cha paneli. Ikifungwa ndani ya paneli badala ya kwenye kifaa cha mwisho, waya unaweza kukatika na taa ya hitilafu isiwake kamwe. Pia wasitoe matawi: waya uingie kwenye ditekta, utoke kwenda inayofuata. Siku ya kukabidhiwa, ng'oa ditekta yoyote. Paneli isipolalamika, usisaini.

Msimamizi_Moro: Asante sana. Na jikoni, ya moshi pia?

FundiWaya: Hapana, mkuu. Mvuke na moshi wa kukaangia vitaipigisha kila siku, mwishowe mtu ataizima. Jikoni weka ya joto, inayolia joto likifika kiwango maalumu, siyo inayopima kasi ya kupanda. Vyumbani ya moshi, angalau sentimita 50 kutoka ukutani, na vifuniko vya vumbi viondolewe baada ya rangi ya ukuta kukauka.

Usisahau sauti. Kiwango cha Uingereza, BS 5839-1, kinataka desibeli 75 pale kichwani kwa aliyelala, mlango ukiwa umefungwa. King'ora cha koridoni peke yake mara nyingi hakifikishi. Dai besi za ditekta (vitako vinavyoishikilia darini) zenye king'ora. Betri mbili za volti 12 zihimili saa 24 umeme ukikatika, kisha zipige kengele nusu saa.