Mrejesho: ile safari ya pikipiki sita milimani

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliwauliza tuendeshe vipi pikipiki sita kwenye barabara ya milimani bila kupotezana, maana wawili kati yetu hawajazoea kona kali.

Ushauri uliotufaa kuliko wote ni ule wa kumweka asiyezoea nyuma tu ya kiongozi, na mkongwe wetu awe wa mwisho kabisa. Mimi nilidhani mgeni akae nyuma ili asisumbuliwe. Kumbe wa nyuma ndiye anayelazimika kukimbiza kila pengo likifunguka mbele yake, na hapo ndipo kona humshinda.

Barabara ikinyooka tulijipanga kwa kupishana, mmoja kushoto mwingine kulia wa njia yetu, sekunde 2 nyuma ya aliye upande wako. Kwenye kona tukawa mstari mmoja. Kila mtu alimtazama wa nyuma yake kwenye kioo. Taa ikipotea anapunguza mwendo, na wa mbele yake naye hivyo hivyo, mpaka kwa kiongozi.

Mteremko mrefu ndio ulionitia hofu. Rafiki yangu alikanyaga breki ya nyuma mfululizo, na tuliposimama ilikuwa inanuka kuungua. Tukasubiri ipoe, kisha akashuka kwa gia ya 2, injini ikimpunguzia mwendo, breki akizigusa tu kabla ya kona.

Kule kileleni ukungu ulikuwa chini yetu. Tulizima injini zote sita, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Nawashukuru sana.