TV ya PS4 ya watoto: inchi 32 mpya au 40 ya mtumba?

MamaWawili
Wakuu, habari za leo. Natafuta TV ya watoto wawili, miaka 8 na 11, wachezee PS4 Slim. Kutoka kochi hadi ukutani ni mita 1.8. Gemu zao ni mpira na magari. Nina laki nne. Kariakoo nimeonyeshwa inchi 32 mpya ya dabo glasi (yenye kioo cha ziada mbele ya paneli), muuzaji anaapa ni 4K. Nyingine ni inchi 40 Full HD, mtumba wa Japani. Umeme kwetu unakatika sana. Nichukue ipi?

Fundi_Runinga
Dada, hiyo 4K iweke kando. PS4 Slim mwisho wake ni 1080p, yaani Full HD, vidoti 1920 × 1080, na inchi 32 za bei hiyo nyingi ni 1366 × 768. Kilichoandikwa kwenye boksi kinaweza kumaanisha tu kwamba inapokea video ya 4K ikitokea kwenye flashi. Kwa gemu za magari hutaona shida. Kwenye mpira, majina ya wachezaji na saa ya mechi yatakuwa na ukungu kidogo, kwa sababu picha ya 1080p inabanwa iingie kwenye vidoti vichache.

Kinachoharibu gemu hasa ni kuchelewa. Mtoto anabonyeza pedi, TV bado iko bize kulainisha picha, mchezaji anapiga shuti beki ameshafika. Ikichelewa milisekunde 100 atakwambia pedi mbovu, nawe utanunua pedi mpya bure. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ingia Picture Mode utafute Game. Kama haipo, badilisha jina la HDMI liwe PC kama menyu inaruhusu, na uzime Noise Reduction.

Nenda dukani na PS4 yako. Rekodi kwa simu yenye slo mosheni ya picha 240 kwa sekunde, kidole na kioo vionekane pamoja. Kila picha ni kama milisekunde 4. Hesabu kuanzia kidole kinapozama hadi menyu inaposogea. Ndani ya hesabu hiyo umo pia muda wa PS4 yenyewe, kwa hiyo linganisha TV mbili, usiichukulie namba moja kama ilivyo.

Mzee_wa_Volti
Fundi kasema vizuri ila karuka hatari kubwa. Hiyo ya Japani igeuze usome kibandiko cha nyuma. Ikiandikwa 100–240V, sawa. Ikiwa 100V peke yake, ukiichomeka ukutani kwenye 230V unaunguza pawa saplai siku hiyo hiyo. Chaneli zetu za antena nazo haitazishika, itabidi king'amuzi.

MamaWawili
Nimerudi kuangalia: AC100V 50/60Hz. Muuzaji anasema transfoma inamaliza kila kitu.

Mzee_wa_Volti
Transfoma nyingi za madukani zinatoa 110V, si 100V, kwa hiyo TV inapokea volti asilimia 10 zaidi muda wote inapowaka. Na siku mtoto akichomoa waya akauchomeka ukutani moja kwa moja, kwaheri. Nyumba yenye watoto, mimi hiyo siigusi. Chukua 32, mradi Game ipo.

Kona_ya_Gemu
Naunga mkono 32, hasa kwa hiyo dabo glasi: pedi ikirushwa, kioo cha mbele kinapokea kabla ya paneli. Ubaya wake ni kung'aa, basi usiiweke mkabala na dirisha. Pia ni nzito kuliko za kawaida, kwa hiyo ifunge ukutani. Juu ya kimeza chembamba mtoto ataivuta kwa waya wa HDMI.

Ukifika nyumbani, matokeo ya mechi yakikatika pembeni, tafuta Just Scan au Screen Fit kwenye TV kabla hujagusa mipangilio ya PS4.

Kuhusu umeme, nunua kile kikinga-umeme cha TV na PS4 nayo ipitie humo. Cha friji kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme, watoto watadhani kimekufa. Ila hata hicho cha TV hakiwashi kitu umeme ukikatika: PS4 itazima ghafla, na ikiwaka itaanza kukagua diski yake. Iache imalize, na wakatazeni watoto kuilaza usiku kwenye Rest Mode. Wazime kabisa.