Msimu wa Kenya Cup uliokukaa rohoni: tupeane uzoefu

Wadau wa raga, karibuni. Leo ni Kenya Cup, ligi kuu ya raga ya Kenya. Utaratibu mnaujua: timu 12, sita za juu zinaingia mchujo, mbili za kwanza zikiruka moja kwa moja hadi nusu fainali, nne zinazofuata zikiraruana robo fainali. Matokeo tulishayasoma magazetini. Mimi nataka yale yasiyoandikwa. Ulikuwa uwanjani, benchi au jukwaani? Leta.

Propu Mstaafu
Mimi nilichezea timu ya Pwani. Safari ya Kakamega ni usiku kucha na zaidi ndani ya basi, na propu, lile jitu la mstari wa mbele, hana pa kuweka magoti. Ukishuka, mvua ya jioni imeshageuza uwanja tope. Siku hiyo kwenye skramu, pale mafowadi wanaposukumana, tulirudishwa nyuma mpaka nikahisi shingo inaingia kifuani.

Dakika ya 80 tuko nyuma kwa pointi 10, tukapata penalti. Nahodha akaonyesha nguzo. Jukwaa zima likaangua kicheko: mmeshapigwa, mnatafuta pointi 3 za nini? Namba 10 wetu, mpigaji, akaufuta mpira kwa jezi, jezi yenyewe tope tupu, akapiga, ukapita. Refa akapuliza filimbi, tumefungwa kwa tofauti ya 7. Kumbe ukipoteza kwa pointi 7 au pungufu unapewa pointi moja ya bonasi. Mwisho wa msimu mbili za mkiani zilishuka daraja, na sisi tulibaki kwa pointi hiyohiyo moja. Waliocheka sijui walikumbuka.

Damu ya Wanyore
Propu, hiyo ni hesabu ya wakubwa! Kwangu ni 2013 na 2014, Nakuru tulipobeba kombe mara mbili mfululizo. Watu wa klabu za Nairobi, kule Ngong Road, walizoea kutuita wa shamba. Halafu 2016 Kabras, timu ya kiwanda cha sukari kule Kakamega, wakawafunga Impala wa Ngong Road fainali, kombe likaenda kwenye miwa. Raha iliyoje.

Simba wa Ruaraka
Mbona umeishia hapo? 2017, 2018, 2019 kombe lilikuwa la nani? KCB, timu ya benki, wana Ruaraka. Haya, endeleeni.

Dada wa Bandeji
Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga vifundo vya miguu na masikio ya malock, wale warefu wa mstari wa pili wa skramu, kabla ya mechi. Chumba kinanuka dawa ya kuchua, na hao majitu wanaogopa sindano kuliko watoto. Msimu wangu ni ule wa 2020. Timu imeiva, corona ikaingia Machi, ligi ikafutwa bila bingwa. Vijana wakawa wananipigia simu usiku kuuliza mazoezi ya nyumbani. Mmoja alikuwa anachuchumaa na gunia la mahindi mgongoni huku mamake akimgombeza kwamba litapasuka. Kuna waliostaafu bila mechi ya kuaga, na hilo hakuna anayelizungumzia.

Wa Eric Shirley
Na sisi wa timu ya pili, tunaocheza Eric Shirley, je? Tunacheza mapema, jua la utosi, watazamaji ni wachumba na mbwa wa klabu. Tukishaulima uwanja ndipo wakubwa wanaingia na mashabiki wao. Lakini kipimo cha klabu ni hapo: majeruhi wakianza kuongezeka Februari, kocha anakuja kuwatafuta kina nani?

Propu Mstaafu
@Wa Eric Shirley umesema kweli. Yule namba 10 wetu wa siku ile ya Kakamega alikuwa ametoka timu ya pili wiki hiyohiyo.