Nina miaka 34 na bado sijui nimeumbiwa nini

Msakanjia
Wakuu, habari zenu. Kazi ninayo, uhasibu, mwaka wa tisa huu. Sina ugomvi na mtu. Lakini jioni nikishazima kompyuta hubaki nimekaa palepale, mikono juu ya meza, nikijiuliza kama hiki ndicho nilichokuja kufanya duniani. Nimeimba kwaya, nimesomea upigaji picha, nimeanza kuandika nikaacha. Kinachoniuma si uchovu, ni siku kupita bila kunigusa. Nyie mlijuaje kusudi lenu?

Mama Viungo
Mdogo wangu, mimi nililitafuta kama mtu aliyepoteza funguo, nikidhani limelala mahali linanisubiri. Kisha mama yangu akapata kiharusi. Kila asubuhi nilimfundisha upya kufunga vifungo vya gauni, kwa mkono wa kushoto tu. Kifungo kimoja, dakika kumi. Kinateleza, anaanza tena. Siku alipokifunga mwenyewe alinitazama, hakusema neno, na mimi nikatoka nje kulia. Nilirudi chuoni nina miaka 41, na sasa kazi yangu ni mazoezi ya viungo kwa waliopooza. Kwa kukaa na kuwaza nisingelifika hapa hata kidogo.

Kesha
Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili wa Vienna aliyefungwa katika kambi za Wanazi kuanzia 1942 hadi 1945, alifundisha kwamba maisha ndiyo yanayotuuliza sisi, nasi tunajibu kwa matendo. Maana, alisema, hupatikana katika kazi tunayoifanya, katika kupenda, na katika namna tunavyoyakabili mateso yasiyokwepeka. Ndugu, kupenda hakukudai ubadilishe ajira.

Na umri usikutishe. Florence Nightingale, Mwingereza aliyeweka msingi wa uuguzi wa kisasa, alihisi ameitwa na Mungu mwaka 1837, akiwa na miaka 16, bila kujua anaitiwa nini. Mafunzo ya uuguzi aliyapata 1851. Miaka 14 hiyo, tena akipingwa na familia yake!

Msakanjia
Asanteni sana. Dada, hicho kifungo kimenishika. Kuna kijana kazini ninamwelekeza kufunga hesabu za mwezi. Wiki iliyopita aliliona kosa kabla yangu, akaruka kwenye kiti. Jioni ile sikubaki mezani, na wala sikujiuliza kwa nini. Kesho nitamuuliza kama anataka tuanze na hesabu za mwaka.