Je, Jacob Misiorowski alistahili Mechi ya Nyota ya 2025 akiwa na mechi tano tu?

Mkazi wa Wisconsin:

Ndugu zangu wapenzi wa besiboli, naomba tulijadili jambo ambalo limenikaa moyoni tangu Julai 2025. Mimi ni mshabiki wa Milwaukee Brewers, na nilifurahi mno mrushaji wetu Jacob Misiorowski alipoitwa katika Mechi ya Nyota, yaani mechi ya kila mwaka ya wachezaji bora wa ligi mbili zinazounda Ligi Kuu, Ligi ya Taifa na Ligi ya Amerika, iliyochezwa Atlanta tarehe 15 mwezi huo. Hata hivyo, kijana huyu alianza kucheza Ligi Kuu tarehe 12 Juni, na siku alipoitwa kuchukua nafasi ya Matthew Boyd wa Chicago Cubs alikuwa amerusha katika mechi tano tu, idadi ndogo kuliko ya mchezaji yeyote aliyewahi kuteuliwa kabla yake.

Kwa wale ambao hawaufuatilii mchezo huu kwa karibu, mrushaji hupimwa zaidi kwa wastani wa mikimbio anayohesabiwa katika kila zamu tisa, ambazo ndizo urefu wa mechi ya kawaida, na aliye chini ya tatu huhesabiwa kuwa hodari. Wastani wake ulikuwa 2.81 katika zamu 25 na theluthi mbili, ameshinda mechi nne na kushindwa moja, na amewatoa wapigaji 33 kwa straiki tatu. Wachezaji wa Philadelphia Phillies walilalamika hadharani kwamba warushaji wao waliokuwa wamerusha mechi nyingi zaidi waliachwa nje. Je, walikuwa na haki ya kulalamika?

Salma wa Toronto:

Walikuwa na haki, kaka yangu, na nasema hivyo bila kumchukia kijana. Kuitwa katika Mechi ya Nyota si heshima ya siku moja tu. Huandikwa katika historia ya mchezaji, hutajwa kila anapojadiliwa kuingizwa katika Jumba la Heshima, na mikataba mingi ina kifungu cha malipo ya ziada kwa anayeitwa. Mrushaji anayeanza mechi hupanda kilimani, yaani kichuguu anachorushia mpira, takriban mara moja kila siku tano, na kazi yake ngumu ni kurudia ubora uleule wapigaji wakishamsoma, mwili ukishachoka na joto la Juni likishaingia. Mechi tano hazijamfikisha mtu huko. Mmoja wa walioachwa ni Cristopher Sánchez, ambaye alimaliza msimu huo akiwa na wastani wa 2.50 katika zamu 202 na kushika nafasi ya pili katika kura za Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, katika Ligi ya Taifa. Misiorowski alimaliza na wastani wa 4.36.

Wengine hutolea mfano wa Paul Skenes wa Pittsburgh mwaka 2024, lakini yeye alikuwa na mechi 11, ameshinda sita bila kushindwa hata moja, na wastani wake ulikuwa 1.90. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kazi ya Misiorowski, tena kwa ubora mkubwa zaidi.

Mpenda Kasi:

Dada Salma, takwimu zako nazikubali, ila hizo za mwisho wa msimu hazipaswi kuingia katika hoja hii. Waliomteua mwezi Julai hawakuwa na uwezo wa kuona Septemba. Kama tutamhukumu kwa 4.36, basi itatubidi pia tumsifu kwa Oktoba, alipowazuia Cubs katika mchujo kwa zamu tatu bila kuruhusu mkimbio na kisha akashinda mechi ya tano iliyoamua mfululizo ule. Na yote mawili yalitokea baada ya uteuzi.

Siku ile ya Julai palionekana nini? Palionekana mrushaji ambaye hakuna mpigaji aliyefika kituo kwa mpira wa kupiga katika zamu 11 za mwanzo wa maisha yake ya Ligi Kuu, anayerusha kwa kasi ya zaidi ya maili 100 kwa saa, na ambaye tarehe 8 Julai aliwatoa wapigaji 12 wa Los Angeles Dodgers kwa straiki katika zamu sita, akimshinda mrushaji wao mkongwe Clayton Kershaw mwenyewe. Tukumbuke pia kwamba kuanzia 2003 hadi 2016 matokeo ya mechi hii yaliamua ni ligi gani ingepata faida ya kucheza nyumbani katika fainali, lakini kanuni hiyo imefutwa. Leo ni mechi ya kuwaonyesha mashabiki walio bora kuwatazama, na mimi sijui mtu aliyetaka kumtazama mrushaji mwingine kuliko yeye wiki ile.

Mkazi wa Wisconsin:

Nawashukuru nyote wawili. Mpenda Kasi amenishawishi kuhusu Septemba na Oktoba, na nitaacha kuzitumia. Lakini naona neno moja, kuitwa, linabeba maana mbili katika mjadala huu: kualikwa kuonekana, na kutunukiwa kwa kazi iliyofanyika. Wala hatukuhitaji nafasi yake kwa sababu ya ile kanuni inayotaka kila timu iwakilishwe, kwa kuwa Freddy Peralta alikuwa ameshateuliwa kutoka Milwaukee.

Njia ya kuzitenganisha maana hizo ilikuwapo tayari. Tangu 2022 Kamishna, yaani mkuu wa Ligi Kuu, ana uwezo wa kuongeza mchezaji mkongwe kwa heshima ya maisha yake ya uchezaji. Albert Pujols na Miguel Cabrera waliongezwa mwaka huo, na mwaka 2025 akaongezwa Kershaw, aliyekuwa ametimiza kuwatoa wapigaji 3,000 kwa straiki wiki mbili tu kabla ya mechi hiyo. Nafasi ya namna hiyo haimpokonyi mtu mwingine. Kama ingetengwa moja kwa ajili ya chipukizi ambaye nchi nzima inataka kumwona, ningempigia Misiorowski makofi kwa moyo mweupe, na jina la Sánchez lingekuwa palepale katika orodha ya kawaida.

Salma wa Toronto:

Kwa utaratibu huo, mimi pia ningekubali aitwe.